Kipande cha Shaba Alichokificha Mwosha Maiti

Mwanamke aliyenilea alikuwa mwosha maiti. Naanza na hilo makusudi, ili mwenye kuchukizwa achukizwe mapema anipishe. Bi Mwanamize aliwaosha wanawake wa Kariakoo tangu mtaa haujapata jina hilo, na hakuchagua: mke wa Mmanga, kibarua wa kupepeta nafaka, Mmanyema, Mzaramo, aliyekufa akaacha ukoo mzima wa kumlilia na aliyekufa hana hata paka. Akiitwa, alijifunga kanga zake mbili, akachukua majani ya mkunazi na kafuri, akaenda. Akirudi alioga, akafua, akaketi jikoni kumenya mihogo.

Na hakusema kitu. Hilo ndilo lililofanya aitwe kuliko waosha wengine wote. Mwosha maiti huona mengi: makovu, mimba ambazo hazikutajwa, alama za bakora za mume yule yule anayelia barazani kuwashinda wote. Dini inamtaka asitiri, na Bi Mwanamize alisitiri mpaka ikawa kero. Wanawake wa mtaani walikuja kwa kisingizio cha kuazima kinu, wakakaa, wakazunguka huku na huku, mwisho wakauliza, "Pole na kazi, Bi Mwanamize. Marehemu ulimkutaje?"

"Nilimkuta amekufa," alijibu, na mihogo ikaendelea kumenywa.

Nilipokuwa mdogo jibu hilo lilinichekesha sana. Siku hizi halinichekeshi. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya cha Bi Mwanamize uliniangukia mimi, maana ndicho kilichoniondolea baba.

Mama yangu mzazi, Azza, alifariki mwaka wa kwanza wa vita vya Mjerumani, siku manowari za Mwingereza zilipokuja mlangoni mwa bandari zikaupiga mji kwa mizinga. Mimi nilikuwa mchanga wa kunyonya. Tulikaa Kitumbini. Baba yangu, Hamud, alikuwa mfua shaba: madele ya kahawa, sinia, masufuria, na vikuku vyenye nakshi ya mistari ya mshazari ambavyo wanawake wa mji waliviita vikuku vya Hamud hata vilipouzwa na mtu mwingine. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia mashambani. Mama alitaka na sisi twende. Baba hakukubali kuziacha shaba zake ziibiwe. Jioni ya kuamkia siku ile waligombana mpaka nyumba ya pili ikasikia, na nyumba ya pili ilikuwa ya Bi Mwanamize. Alimsikia mama akipiga kelele, "Hizo shaba zako zitaniua, Hamud!"

Asubuhi mizinga ikalia. Baba alikuwa dukani anafukia vyombo vyake. Aliporudi alimkuta mama amelala uani karibu na kisima, ndoo imemwagika, kaniki yake imelowa chapachapa. Hakuna nyumba ya Kitumbini iliyobomoka, makombora yote yaliangukia upande wa pwani kwenye majumba ya wakubwa wa Kijerumani. Baba akalia kwamba mkewe ameuawa na mshtuko, na watu wakaamini, kwani siku hiyo kila mtu alikuwa nusu mfu. Bi Mwanamize akaitwa kuosha.

Yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto mchanga si muda mrefu nyuma, na maziwa yalikuwa hayajakauka. Alipomaliza kazi yake alinichukua mikononi mwa baba, akaninyonyesha, na hakunirudisha tena.

Wajerumani walipouhama mji walimchukua baba bara kuwafanyia kazi za ufundi. Vita vilipokwisha alirudi amekonda, akafungua tena kibanda chake Kitumbini. Sisi wakati huo tulikwisha kuhamia Kariakoo, nyuma ya soko. Kila Idi alikuja, kanzu imefuliwa, kilemba kimefungwa vizuri, akasimama barazani. Bi Mwanamize alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, baba asipate hata upenyo wa kuchungulia. Mimi nilisalimu kutoka nyuma yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na baba kwa mwaka mzima. Mwaka mmoja aliniletea vikuku viwili alivyovifua mwenyewe. Bi Mwanamize alivishika kwa upindo wa kanga, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akavitupa barabarani. Nililia kwa uchungu. Baba aliviokota, akavifuta vumbi kwa kanzu yake nyeupe, akaenda zake bila kusema neno.

"Amekosa nini?" nilimuuliza Bi Mwanamize.

"Si mtu wa kukaa naye."

"Amefanya nini lakini?"

"Nimekwisha sema."

Kule kutobisha kwa baba ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilijiambia kwamba mzazi asiyegombania mwanawe hamtaki. Nikaanza kumchukia na mimi, pole pole, na chuki ya kufundishwa hukaa vizuri moyoni kwa sababu huna unachokikumbuka cha kuipinga.

Nilipofika umri wa kuolewa akaja kuniposa Mrisho bin Bushiri, kijana wa Kariakoo aliyekuwa fundi msaidizi katika karakana ya bandarini. Nilimtaka. Nalisema hilo wazi, kwani wasichana wa siku zile tulifundishwa kujifanya tunapelekwa kama mbuzi. Bi Mwanamize naye alimpenda, posa ikakubaliwa, na Sheikh Sadalla, imamu wa msikiti wetu ambaye ndiye angefunga ndoa, akaja nyumbani kupanga mambo. Alikaa sebuleni pamoja na Mrisho. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, masikio nje.

"Walii wake wa kumwoza ni nani?" aliuliza Sheikh. "Nasikia baba yake yu hai."

"Yu hai. Hafai," alisema Bi Mwanamize.

"Ni mlevi?"

"Sijamwona akilewa."

"Haswali?"

"Anaswali kutushinda mimi na wewe."

"Sasa hafai kwa lipi?"

"Mpeleke huyu mtoto kwa kadhi, kadhi amwoze."

Sheikh Sadalla alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuwa na mwisho. "Bi Mwanamize, baba akiwa hai na akili zake timamu, kadhi haingii pale ila kwa sababu. Nipe sababu. Usiponipa, ndoa hii sitaifunga, na sidhani kama yuko wa kuifunga."

Nikatoka nyuma ya pazia. Mwanamwali hatoki mbele ya mchumba wake namna ile, lakini nilikwisha kuchoka kuwa na adabu. "Na mimi nataka hiyo sababu," nilisema.

 Bi Mwanamize akaingia chumbani, akarudi na kikopo kidogo cha udi. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha shaba, nusu ya kidole kwa urefu, kimepinda kidogo sana. Upande mmoja kilikuwa na mistari iliyokatwa kwa mshazari, imekwenda sambamba kana kwamba imepimwa.

"Hiki kilitoka ubavuni mwa Azza," alisema. "Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na jeraha, mdomo wake ungefunikwa na dole gumba. Nilipomgeuza kikaniangukia mkononi. Kaniki ilikuwa nyeusi na imelowa maji, hakuna aliyeona damu. Mshtuko gani unaotoboa ubavu, Sheikh? Jana yake nimewasikia wakigombana. Na nakshi hii, nani mwingine mji huu alikuwa akichonga hivi?"

 Mrisho alikuwa ameinamisha kichwa. 

"Ulidhani amemuua," alisema Sheikh.

"Nilidhani amemchoma kwa chuma chake cha kuchongea, kipande cha kikuku kikaingia humo humo. Nilifanyaje? Mwosha hasemi alichokiona. Na ningesema, Mjerumani angemtundika kesho yake bila kuuliza mara mbili, na huyu mtoto angebaki hana mama wala baba."

"Nimebaki sina mama wala baba!" nilimwambia.

"Ulikuwa na mimi."

Alilisema bila hasira, na ni kweli nilikuwa naye. Alininyonyesha, alinilisha, alinikalia macho kila nilipougua homa. Nilitamani awe mwanamke mbaya ili nimtukane yaishe.

Sheikh Sadalla alikiweka kile kipande juu ya mkeka. "Bi Mwanamize, umekosea jambo ambalo wewe ndiye uliyekuwa ukilijua kuliko sisi sote. Siri ya maiti unayoamriwa kuisitiri ni aibu yake. Damu yake si siri. Kama aliuawa, ulimnyima haki yake. Kama hakuuawa, umemhukumu mtu ambaye hajui hata kwamba ameshtakiwa."

"Aliuawa," alisema Bi Mwanamize.

Mrisho akakichukua kile kipande, akakigeuza. "Sheikh, niwie radhi. Mbona nyuma yake pana madoa ya kutu? Shaba haifanyi kutu nyekundu. Hiki kimekaa juu ya chuma." Akapitisha ukucha kwenye mistari. "Nadhani si kikuku. Ni nini, sijui. Lakini Fundi Marcelino pale karakana atajua."

Siku zilizofuata nilipiga hesabu mbili. Kama baba alimuua mama, basi mimi nilikuwa damu ya muuaji, na kila Idi nilikuwa nimemwamkia muuaji wa mama yangu shikamoo. Na kama hakumuua, Idi zile zote angenilipa nani? Nilikuwa nikimwangalia Bi Mwanamize akichambua mchele, naomba Mungu awe amekosea, kisha naogopa dua yangu mwenyewe, maana akiwa amekosea itanibidi nimtazame kwa macho mengine.

Tulikwenda karakana Jumamosi mchana, kazi zilipokwisha fungwa: Sheikh, Mrisho, Bi Mwanamize na mimi ndani ya mabuibui yetu. Waliniambia nibaki nyumbani. Nikauliza ni nani wa kunizuia, nikatangulia mlangoni.

Fundi Marcelino alikuwa Mgoa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Kiswahili chake cha miaka mingi ya bandarini. Alikichukua kipande, akakisugua kwa kitambaa chenye mafuta, akakipeleka dirishani.

"Mmekipata wapi?" aliuliza.

Bi Mwanamize alifunga mdomo. Hata pale! Ilibidi Sheikh aseme, "Ndani ya mwili wa mtu, Fundi. Siku ya mizinga ya Mwingereza."

Marcelino akafanya ishara ya msalaba. Kisha akalaza kipande juu ya ubao, akafuata mpindo wake kwa chaki, akachukua bikari akaumalizia ule mduara. Aliporudi nyuma, duara lilikuwa pana kama sahani kubwa ya wali.

"Mliambiwa ni kikuku?" alisema. "Kikuku cha nani hiki, mama? Cha tembo?"

Hatukucheka. Akaona, akaacha mzaha. Alituongoza mpaka mlango wa stoo, ambao ulizuiwa usijifunge kwa kombora kuukuu lililochimbuliwa kwenye mchanga wa bandari na kutolewa baruti zamani. Karibu na kitako chake lilikuwa limevishwa mshipi wa shaba. Alikishika kipande chetu kando ya ule mshipi. Mistari ilikuwa imelala upande ule ule, kwa mshazari ule ule.

"Ndani ya mtutu wa mzinga mna mifereji inayozunguka kama ngazi," alisema. "Baruti ikilipuka, kombora linasukumwa, mshipi huu unaumwa na mifereji, ndipo kombora linazunguka likaenda sawa. Shaba ni laini, inakatika. Hapa hakuna nakshi, mama. Hakuna mkono wa mtu uliochonga hapa. Na hiyo kutu ya nyuma ndipo mshipi ulipokaa juu ya chuma. Cha kwenu kimetoka kwenye kombora kubwa kuliko hili, la mzinga wa manowari kubwa."

"Kitumbini halikuanguka kombora," alisema Bi Mwanamize. "Hata ukuta mmoja haukupata ufa. Usiniambie mambo ambayo mimi nilikuwapo."

"Ndiyo maana nasema kipande hiki si cha kila siku. Vipande vya kombora hupatikana pale lilipopasukia. Lakini mara moja moja mshipi unakatika hewani, kombora likaenda zake, na kipande kikaenda zake. Kinaruka mbali, pasipotazamiwa, na kinavuma. Hakibomoi nyumba. Kinampata kinayempata."

"Kinavuma namna gani?"

Marcelino akauvumisha mdomo wake, sauti nzito ya kutetemeka.

Bi Mwanamize akaketi chini, pale pale kwenye sakafu yenye mafuta ya mashine, na buibui lake safi. "Nilikisikia," alisema. "Nilikuwa napanga vyombo nivifiche. Kitu kikapita juu ya makuti kinavuma. Nikasema moyoni, nyuki wamehama."

Sheikh Sadalla alitaka yeye ndiye aende kumweleza baba. Bi Mwanamize alikataa. "Nilimhukumu mwenyewe, nitamwendea mwenyewe," alisema, akanishika mkono kama vile bado nilikuwa mtoto wa kuvushwa njia.

Kibanda cha baba hakikuwa mbali na pale. Tulimkuta anatia bati sufuria, moshi umemzunguka. Alipoona ni nani waliosimama mlangoni, aliinuka ghafla mpaka koleo ikamdondoka. Sikuwahi kumwona bila kilemba. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

"Karibuni," alisema. "Karibuni ndani. Pana vumbi, lakini karibuni."

Bi Mwanamize hakuketi. Aliweka kile kipande juu ya fuawe, chuma cha kufulia vyombo. "Hamud, hii ni kazi yako?"

Baba alikichukua, na dole gumba lake likapita juu ya mistari mara moja tu. "Hapana. Hii haijapigwa nyundo. Imekatwa kwa nguvu kubwa, mara moja, na chuma." Akatazama juu. "Imetoka wapi?"

"Ubavuni mwa Azza."

Nilimwona baba akilitafutia neno hilo mahali pa kuliweka asipate. Bi Mwanamize akamweleza yote, kwa ufupi, macho yake chini: jeraha, kikopo cha udi, nakshi, duara la chaki. Mwanamke ambaye hakupata kusema neno alisema yote. Baba alipoelewa alikaa juu ya kigoda chake.

"Alikuwa na jeraha," alisema. "Mimi sikuona. Nilimkuta kwenye maji."

"Nilimfunika kabla hujaona."

"Mimi nilidhani..." Akafuta uso kwa mkono wenye masizi, uso ukazidi kuwa mweusi. "Mimi nilidhani mmeninyima mtoto kwa sababu nilikataa kuwahamisha. Aliniomba twende shamba, Bi Mwanamize. Ulisikia, najua ulisikia. Nikamwambia vyombo vyangu vitaibiwa. Nilipoona umenifungia mlango nikasema, huyu mama ana haki. Mtu aliyethamini masufuria kuliko mkewe, apewe mtoto wa nini? Ndiyo maana sikubisha."

Hapo ndipo nilipolia. Miaka yote ile nilikuwa nimekihesabu kimya chake kuwa ni kutonitaka, kumbe alikuwa akitumikia adhabu ya kosa jingine, la kwake, ambalo hakuna aliyemshitakia.

"Nisamehe, Hamud," alisema Bi Mwanamize.

 Sauti ya baba ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuza dele. "Ya Azza nimekusamehe. Uliona jeraha, ukaona shaba, mtu yeyote angedhani. Lakini ungeniuliza! Ungekiweka hapa kama ulivyokiweka leo, ningekwambia papo hapo. Ya huyu..." Alinitazama, kisha akaangalia pembeni kwa haraka. "Ya huyu si yangu kuisamehe. Mwombe mwenyewe."

Tulirudi Kariakoo kwa miguu kupitia uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu walikuwa wengi, wengine wanatoka mjini, wengine wanakwenda, na wauza miwa wanaita. Katikati ya uwanja Bi Mwanamize alisimama.

"Nunu, mwanangu. Nisamehe."

Nilifungua mdomo. Nilimpenda, wallahi nilimpenda, na bado ninampenda. Lakini nilimwona tena baba, kama siku ile, anafuta vumbi kwenye vikuku kwa kanzu yake ya Idi, na neno halikuja. Nikaanza kutembea. Akanifuata nyuma, na baada ya hatua chache nikamsikia akisema, kama anayejifariji, "Basi umenyamaza. Kunyamaza nako ni jibu. Mungu akujalie kheri, mwanangu."

Sikumkanusha. Majuma yale ya matayarisho alikuwa mchangamfu kuliko nilivyopata kumwona. Alinipikia maandazi, alinisinga liwa ya kung'arisha ngozi, aliwaambia wanawake wa mtaani bila kuulizwa, "Mwanangu huyu ana moyo mwema. Amenisamehe jambo zito." Walipouliza ni jambo gani, alirudia tabia yake ya kumenya mihogo.

Siku ya ndoa wanaume walikaa barazani na wanawake ndani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimefunikwa shela. Bi Mwanamize alikuwa ameketi nyuma yangu, mkono wake juu ya bega langu. Kwa desturi yetu, kabla ya kuoza, walii huja na mashahidi wawili kumwuliza bibi harusi kama ameridhia, na mwanamwali hajibu. Huona haya, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Wanawake walikwisha kunikumbusha: "Usije ukatoa sauti, Nunu. Wewe inama tu."

Nikasikia nyayo ukumbini. Baba alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Akasimama nje ya pazia la chumba, na sauti yake ilikuwa inatafuta njia.

"Nunu binti Hamud. Anakuposa Mrisho bin Bushiri, kwa mahari mliyoafikiana. Mimi baba yako nataka kukuoza kwake. Umeridhia?"

Chumba kizima kikanyamaza kuningojea ninyamaze. Nyuma yangu Bi Mwanamize akanong'ona kwa upole, "Wanajua, mwanangu. Kimya chako kinatosha."

"Ndiyo, Baba," nilisema kwa sauti, mpaka walioko barazani walisikia. "Nimeridhia."

Wanawake waliguna, mmoja akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nje ya pazia nilimsikia baba akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Na nyuma yangu nilisikia mkono wa Bi Mwanamize ukiondoka begani mwangu, taratibu, maana sasa alijua kwamba mimi nikiridhia jambo, husema.